Ukoo, mlango, ekika: nilimkosoa mwanafunzi wangu, kumbe neno lake ni la Kiswahili

Mwalimu wa Walukuba

Ndugu zangu, salaam kutoka Jinja.

Nafundisha Kiswahili sekondari. Juzi niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili insha fupi kuhusu jamaa zao. Binti mmoja, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Kabale, akaandika: "Mlango wetu una watu zaidi ya 200, na mkubwa wa mlango ni kaka yake babu." Nikapiga mstari mwekundu. Pembeni nikaandika: mlango hauna watu, andika ukoo. Nikamkata alama mbili, nikachukua daftari jingine.

Hayo madaftari yaliyofuata ndiyo yaliyonisimamisha. Kijana wa Kiganda kaandika "Kabila langu ni Nkima." Msoga kaandika "Taifa letu ni Baise Ngobi." Mwingine kaandika "Familia yetu ni mamba," na chini yake kachora mamba wa mtoni, meno yote nje. Yote hayo ni majina ya koo. Nikaweka kalamu chini. Watoto hawa wanajua vizuri sana wao ni akina nani. Wakiulizwa kwao, kwa lugha ya kwao, watakutajia baba, babu, baba wa babu na mahali alipozikwa. Wanachokosa ni neno la Kiswahili la kulibebea hilo, na mimi ninayelipwa kuwapa neno hilo nilikuwa na moja tu mkononi.

Tangu Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipoamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, watoto wengi zaidi watakutana na sisi walimu kwa swali hilihili. Ndiyo maana naomba tulichambue hapa polepole, kila mtu alete alichonacho kutoka kwao.

Nianze na ukoo lenyewe. Ukoo ni watu waliotokana na mzazi mmoja wa zamani. Wingi wake ni koo: ukoo huu, koo hizi. Wanafunzi huandika "makoo", na makoo ni ya kumezea chakula. Lakini kuna koo jingine ambalo vijana wa mjini hawalisikii tena: mnyama jike au ndege aliyekwisha kuzaa, anayefugwa kwa ajili ya uzao. Koo la mbuzi, koo la kuku. Mfugaji akikwambia "yule usimchinje, ni koo," anakuambia zizi zima linatoka kwake. Mimi nausoma ukoo hapo hapo, kwenye uzazi: ni hali ya kuwa uzao wa koo moja.

Tena Kiswahili kina tabia ya kumeza l iliyo katikati ya neno. Jirani yangu Muganda anasema okuzaala, mimi nasema kuzaa. Anasema okulera, nasema kulea. Anasema enjala, nasema njaa. Sasa irudishe ile l iliyomezwa ndani ya koo, uone utapata nini: kolo. Wachewa wa Malawi humwita mzazi kholo, na mababu zao ni makolo. Na Kiganda kina ekikolo, pale chini mti unaposhika ardhi, ambapo pia ndipo chanzo cha jambo. Kwangu mimi hayo ni maneno ya ukoo mmoja.

Kabila ni habari nyingine kabisa. Limetoka Kiarabu, na hapa Uganda limeshakuwa neno la serikali: Waganda, Wasoga, Walugbara, Wakaramojong. Katiba ya mwaka 1995 ina orodha yake mwishoni, ya jamii za asili zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Zilikuwa 56, na mabadiliko ya mwaka 2005 yakazifikisha 65. Mtafute Nkima humo, hutampata. Nkima ni kitu kilichomo ndani ya Waganda.

Na hapo ndipo penye utamu. Kiganda hakina neno moja la watu wa damu, kina nyumba nzima. Juu kabisa ni ekika, wote wenye mwiko mmoja. Mkuu wake anaitwa ow'akasolya, na akasolya ni kilele cha paa. Chini ya paa kuna amasiga. Essiga ni lile jiwe la kuinjikia chungu, sisi tunaliita figa (sikilizeni: siga, figa). Chini yake emituba, na mutuba ni mti wanaoubambua gome kutengeneza nguo ya lubugo. Kisha ennyiriri, yaani mistari. Kisha empya, nyua za mbele ya nyumba. Mwisho enju, nyumba yenyewe. Mtu akijitambulisha rasmi, kitendo wanachokiita okulanya, anapanda ngazi hiyo tangu nyumbani kwao mpaka kwenye paa, bila kukwama.

Sasa niambieni: nikimpa mtoto huyo neno "ukoo" peke yake, nimemtafsiria kipi katika hivyo? Na yule binti wa Kabale na mlango wake, alikuwa anatafsiri nini?

Mkiga wa Katuna

Mwalimu, huyo binti mrudishie alama zake. Kwetu Kigezi, huko Kabale, watu huulizana kwanza oruganda, yaani ukoo: Musigi, Muzigaba, Musinga, Muhesi. Oruganda ni kubwa mno, watu wake utawakuta mpaka ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na hawajuani. Ndani yake ndipo penye omuryango. Hao ndio mnaojuana, mnaozikana, mnaokaa chini pamoja kugawa shamba la marehemu. Na omuryango ni huo huo mlango wa kuingilia nyumbani. Wanyarwanda nao husema umuryango kwa jamaa na kwa mlango. Mtoto kachukua la kwetu, kalivua ile o ya mbele, kalipeleka kwa mwalimu. Watu 200 kwa omuryango ni hesabu ya kawaida kabisa.

Mtu wa Mvita

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Kampala, Kisenyi. Mwalimu, usishtuke: mlango ni Kiswahili cha kwetu hasa. Ukienda Lamu, ukienda Pemba, ukienda Mombasa, wazee watakuambia "hawa ni mlango wa fulani," wakiwa na maana ya uzao wa mtu huyo. Mlango ni sehemu ya ukoo, si kipande cha mbao. Wengine husema mbari. Na tumbo je? Watoto wa baba mmoja kwa mama mbalimbali tunasema hawa ni tumbo hili, wale ni tumbo lile. Kwa hiyo ngazi tunazo. Kiswahili cha vitabu vya shule ndicho kilichoziacha nyuma, kikabaki na ukoo na familia.

Na hilo la taifa usimkate yule Msoga kwa hasira. Waswahili wa Mombasa wanajiita Miji 12, na hiyo miji imegawanyika makundi mawili: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, na Tisa Taifa. Taifa hapo ni watu wa mji mmoja wenye asili yao, ndani ya kisiwa kimoja. Taifa la bendera na wimbo limekuja baadaye sana.

Mwalimu wa Walukuba

Nimesoma jibu lako mara tatu, mzee wangu. Kwa hiyo mtoto wa Kabale, ambaye hajawahi kuiona bahari, ametembea na neno la bibi yake mpaka akatua Lamu, na mwalimu wake akamwambia amepotea. Kesho asubuhi naanza na hilo.

Kuhusu yule Msoga nakubali nusu. Neno lake lina historia, ila mtihani atakaoufanya hautasahihishwa na mzee wa Mombasa. Nitamfundisha aandike ukoo, halafu nimsimulie habari ya Thelatha Taifa. Na hilo "Baise" mbona lina raha yake! Abaise Ngobi, abaise Igaga, abaise Menya: ndani yake yumo baba, ise, yule yule aliyemo katika jina la heshima la Kyabazinga, mfalme wa Busoga: Isebantu, baba wa watu. Kwa hiyo Msoga akijitaja anasema "sisi wa baba Ngobi." Mganda anaanzia kwenye nyumba, Msoga anaanzia kwa baba.

Lira Mjini

Msitufunge nje na Kibantu chenu! Huku kaskazini sisi Walango na ndugu zetu Waacholi tuna doggola. Dog ni mdomo, na doggola ni ule mdomo wa nyumba, penye kuingilia. Ndilo jina la watu wa uzao mmoja wa karibu. Wajaluo wa Kenya wana dhoot, na hilo nalo ukilipasua utapata mdomo na nyumba. Kwa hiyo Wakiga na Waswahili kwa Kibantu chao, na Waluo kwa lugha isiyo na undugu na Kibantu, wote wameita watu wa damu mlango. Mwalimu, hilo lichunguze.

Jina la kikundi kikubwa kwa Waacholi ni kaka. Sasa pata picha Mwacholi anaongea Kiswahili, anasema "kaka yetu ina watu elfu tano." Kambini tulikuwa na afande mmoja kutoka Gulu aliyekuwa akisema hivyo, na Waganda na Wanyankole wakawa wanamsikiliza wakidhani anamsema kaka yake mzaliwa. Jopadhola wa Tororo wao husema nono. Iteso husema ateker, na hilo limekua mpaka likawa jina la watu wote wa lugha hizo: Iteso, Wakaramojong, Waturkana, Watoposa. Neno la ukoo mmoja limebeba mataifa.

Mwalimu wa Walukuba

Hilo la mlango kutokea pande zote mimi naliona hivi. Katika nyumba zetu za zamani za mitala, kila mke alikuwa na kibanda chake na mlango wake. Watoto waliotoka kwenye mlango ule walikuwa na mama mmoja. Wakikua, wakioa, wakijenga karibu, watu wanaendelea kuwaita wa mlango ule, hata kama kibanda kimekwisha kuliwa na mchwa miaka 80 iliyopita. Tumbo la Mombasa linasema hivyo hivyo bila kuzunguka. Mtu wa nje hawezi kuona damu yako, ila anaona umetokea wapi asubuhi.

Nakato

Swali la haraka kwa mwalimu. Yule aliyemchora mamba, ulimwambia nini? Mimi ni mtu wa Mmamba.

Mwalimu wa Walukuba

Dada Nakato, asante, hilo nilitaka kulifikia. Mmamba wa Kiganda si mamba wa Kiswahili. Ni samaki, yule mrefu mwenye kupumua hewa na kujifukia kwenye tope kiangazi kikija. Wajaluo humwita kamongo. Mamba mwenye meno Waganda humwita ggoonya. Kwa hiyo mtu akikutafsiria "ukoo wa Mamba" kwa Kiswahili amekufanya mtu wa mnyama mwingine kabisa. Nawafundisha hivi: jina la ukoo halitafsiriwi, linabaki lilivyo. Lugave ibaki Lugave, hata kama ni kakakuona. Butiko ibaki Butiko, hata kama ni uyoga. Ni jina, si mboga.

Wengine wanafanana mpaka raha: enkima ni kima yule yule. Na muziro, huo mwiko wenyewe wa ukoo, mnajua Kiswahili tunao? Ni mzio. Leo daktari anakuambia una mzio wa karanga, lakini zamani mzio ulikuwa kitu usichokula kwa kuwa ni mwiko wako. Kama kuzaala na kuzaa, ndivyo muziro na mzio. Watu wa ukoo wa Nsenene ndio wa kutazama mwezi Novemba: Masaka yote inakesha chini ya taa za umeme na mapipa ya mabati ikinasa senene, na wao wamekaa. Wanaweza kuwakamata senene wakawauza, ila mdomoni hapana.

Nakato

Tena mwalimu, waambie hao wanafunzi kuwa hilo si la vyakula tu. Ssenga wangu, yaani shangazi, alinikalisha chini nikiwa na miaka 14, akanitajia ukoo wangu na wa mama yangu, akasema huko kote ni kaka zako, usiniletee mume. Mwaka jana kwenye kwanjula ya rafiki yangu, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, upande wa mume walikuja na msemaji anayeongea Kiswahili, watu wa Arua. Msemaji wetu akauliza "ekika kyo?", yaani ukoo wako? Mkalimani akasema "wanauliza kabila lako." Bwana harusi akajibu Mlugbara. Watu wakanyamaza. Lile swali lilikuwa la kujua kama wawili hawa si ndugu, na halikujibiwa. Mzee mmoja akainuka akauliza tena kwa mikono, paa, jiwe la jikoni, ua, ndipo yule kijana akaelewa na kutaja watu wa kwao. Nilisikitika sana siku ile, kwa sababu neno lilikuwepo.

Aliyetoka Arua

Dada, kwetu ni suru. Angeulizwa suru angejibu hapo hapo bila kusita. Na sisi pia hatuoani ndani ya suru moja. Ukoo lingefaa kabisa. Tatizo Kiswahili tulichokipata kambini na njiani kwenye malori kilikuwa na kabila tu, kwa kuwa afande alipokuandikisha aliuliza kabila, hakuuliza babu yako ni nani.

Mjukuu wa Bombo

Sisi Wanubi tunalijua hilo la kuandikishwa kuliko wote. Babu zetu walikuja na Lugard, kapteni wa Kiingereza, mwaka 1891, askari waliokuwa wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria, watu wa asili mbalimbali za Sudan na huku kaskazini. Jeshi likawafanya watu wamoja, Kiarabu chao kikawa Kinubi, na leo Wanubi wako ndani ya ile orodha ya Katiba. Kwa hiyo tulianza na kikosi, tukafika kwenye kabila. Lakini nyumbani kwetu Bombo, siku ya maziko, bibi zetu bado wanajua nyumba ipi ilitokana na watu gani kabla ya jeshi. Mwalimu asiwafundishe watoto kwamba kabila na ukoo lazima viote kwenye shina moja.

Mwalimu wa Walukuba

Nimelipokea, ssebo, na nitaliandika ubaoni. Nilikuwa nimewachorea ukoo ndani ya kabila kama yai ndani ya kikapu. Huko Ankole pia mchoro wangu unavunjika: koo za Wahinda, Washambo, Wagahe na Waishekatwa zinakutwa kwa wafugaji na kwa wakulima.

Dereva wa Mutukula

Mimi niingie na la barabarani. Ukivuka kwenda Tanzania fomu inasema "Jina la ukoo." Mimi na mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, tulikuwa kwenye gari moja. Mimi naitwa jina la babu upande wa baba, yeye ni Kato kwa sababu ni pacha. Ofisa akatuzuia zaidi ya saa moja, anasema ndugu gani hawa majina hayafanani. Nikamweleza kwamba kwetu ukoo una hazina ya majina, kila mtoto anachaguliwa lake humo, na pacha wanakuja na yao. Wasswa na Kato, Babirye na Nakato, majina hayo hayana ukoo, ni ya kila pacha. Hakunielewa.

Binti wa Marangu

Dereva, pole sana. Niko Tanzania, na kwetu Uchagani ukoo ni jina kweli: Mushi, Massawe, Lyimo. Ukisikia jina unajua kihamba, yaani shamba la ukoo, kiko wapi. Kwa hiyo fomu ile ilitungwa na watu ambao ukoo wao unaonekana kwenye jina. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa na ukoo mkubwa hivyo na usionekane kwenye kitambulisho chake.

Dereva wa Mutukula

Unaonekana, dada. Mganda akisikia jina la babu yangu anajua ukoo wangu papo hapo. Ila lazima awe amefundishwa kusikia.

Mwalimu wa Walukuba

Narudi na habari ya darasani.

Leo nilimwita yule binti mbele, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, nikamrudishia alama mbili. Nikamwuliza omuryango wao unaanzia kwa nani. Akataja majina saba, la mwisho ni la mwanamke. Nikasema kumbe mlango wenu una jina la mama. Akasema ndiyo, alikuwa mke wa pili, na kibanda chake kilikuwa karibu na kisima.

Kisha tukaandika ubaoni tulichokubaliana, na ninakileta hapa mkirekebishe. Ekika, oruganda na suru tutaita ukoo. Omuryango, doggola na essiga tutaita mlango, na mwenye kutaka kusema figa aseme figa. Walio wa mama mmoja ni tumbo. Kabila tumeliacha kwa ajili ya ile orodha ya Katiba na fomu.

Kijana wa Nkima akaomba ajaribu okulanya kwa Kiswahili. Akasimama wima, mikono nyuma: "Mimi ni mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, wa nyumba ya fulani, wa ua wa fulani, wa mstari wa fulani, wa mutuba wa fulani, wa figa la fulani, chini ya paa la Mugema, na mzio wangu ni kima." Hakukwama hata mara moja. Aliposema mutuba akanitazama kuuliza kama nina neno lake la Kiswahili, nikamwambia aendelee na mutuba.